Mama Kudra, Aliyepandisha Udongo Gihosha

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 2004, Mama Kudra Shakuru anastaafu baada ya kulitumikia jiko la kituo chetu cha afya hapa Gihosha kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Aliingia kazini Machi 1973 kama muosha sufuria, akapanda hadi kuwa mpishi, na tangu mwaka 1985 amekuwa mpishi mkuu wa jiko la lishe, ambako watoto waliodhoofika hulishwa mpaka nguvu ziwarudie. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua Raihana, binti yake wa mwisho. Mara ya pili nitaieleza mbele, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwapo na sikutoka safi.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Maxime, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Wamesema eti namfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba nimegombana naye kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hapa kituoni, na mtu uliyegombana naye kwa miaka kumi na minane huna haja ya kumbahatisha.

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu ganda la nanasi. Mwaka 1986 nilikuwa mgeni kazini, nimevaa tai, nimekula nanasi langu kistaarabu, nikatupa ganda kwenye pipa la taka nyuma ya jiko. Kabla sijafuta mdomo, Mama Kudra alikuwa ameshalitoa, amelisuuza, amelitia kwenye kikapu chake chenye mfuniko. Kisha akanigeukia mbele ya wauguzi wote.

“We Maxime, hiyo si takataka. Hiyo ni chakula ya udongo. Siku ingine leta hapa.”

Nilidhani mama huyu ana matatizo. Baadaye niligundua kuwa kituo kizima, kuanzia dereva hadi mkuu wa maabara, kilikuwa kinapeleka maganda yake kwenye kile kikapu bila kuulizwa, na kwamba mimi ndiye nilikuwa na matatizo.

Nyumbani kwake Buyenzi, avenue ya kumi na nne, nyuma ya jiko, kulikuwa na mapipa matatu ya chuma yaliyokatwa nusu na kutobolewa chini. La kwanza lilikuwa la kujaza, la pili la kupumzika, la tatu la kuchota. Jioni baada ya kazi alikaa kwenye kigoda na kisu chake, akakatakata maganda ya ndizi, papai, embe, marakuja na parachichi vipande vidogo vya kidole gumba. Ganda zima, alituambia, linakaa pale linakutazama tu. Juu ya maganda alitandaza majani makavu, kisha udongo kidogo, kisha maganda tena. Nyama na samaki vilikuwa marufuku, maana paka wa Buyenzi wana pua kali. Maganda ya machungwa aliyatia kwa kiasi. Akifinya konzi moja, vidole vilowe lakini maji yasidondoke. Yakidondoka, anaongeza majani makavu. Kila Ijumaa alipindua kwa uma wa shamba, akatia mkono katikati kupima joto kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

Baada ya miezi mitatu au minne, kilichotoka kwenye pipa la tatu hakikufanana na kitu chochote kilichoingia kwenye pipa la kwanza. Kilikuwa cheusi, kilibomoka vidoleni, na kilinuka mvua. Hakufundishwa na bwana shamba yeyote. Alipokuwa mtoto aliona kwamba maharage yaliyoota karibu na mahali mama yake alipotupa maganda ya marakuja yalikuwa yanapita ukuta, na mengine hayafiki hata katikati. Akaanza kufuatilia jambo hilo, na hajaacha mpaka leo. Kwenye kipande cha ardhi kisichozidi vitanda viwili, katika mtaa ambao udongo wake ni mchanga uliochoka kukanyagwa, amevuna nyanya, biringanya, pilipili na lengalenga, ule mchicha wetu, za kula na za kugawa.

Tabia hii ilimtia matatani mara kadhaa. Kwenye arusi ya muuguzi wetu Dative, alipita meza hadi meza na mfuko wa plastiki kabla wahudumu hawajaondoa sahani. Shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi akaamini kabisa kwamba mgeni huyu anaiba nyama. Akamfuata mpaka mlangoni, akaomba mfuko ufunguliwe mbele ya watu. Ukafunguliwa. Ndani kulikuwa na maganda ya nanasi, maganda ya ndizi, na kokwa kumi na moja za parachichi. Yule shangazi akazihesabu kokwa zote. Mama Kudra alimwambia kwa upole kuwa kama naye anayo ya kwake mezani, mfuko bado una nafasi. Leo hii shangazi huyo ana rundo lake la maganda nyumbani, na ukimtembelea atakupeleka kuliona kabla hajakupa kiti.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limefanya kamati inipe kurasa nne badala ya moja.

Mwaka 1995 watu wa mtaa wa Kinama walipokimbia makwao kwa sababu ya vita, mama mmoja aitwaye Marguerite alifika Buyenzi na watoto wanne na godoro moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pombe ya ndizi. Mama Kudra alimpa chumba cha mwisho uani kwake, na sharti moja: pombe isivuke mlango wa nyumba ya Waislamu. Marguerite alikubali bila kinyongo. Mtumbwi wake wa mbao wa kukamulia ndizi akauweka kwa dada yake kule Buterere, na siku tatu kwa wiki alikwenda kufanyia kazi yake huko huko.

Marguerite alitafuta namna ya kushukuru, na hakuhitaji kutafuta sana. Aliona jinsi mama mwenye nyumba anavyoyapenda maganda, na kule Buterere maganda na makapi ya ndizi zilizokamuliwa yalikuwa yanatupwa tu. Basi kila aliporudi alibeba kikapu kizima kichwani, akasubiri Mama Kudra awe kazini, akamwaga kwenye rundo, akafunika kwa majani. Hakumwambia mtu. Alitaka mwenyewe ashangae.

Na kweli alishangaa. Mapipa yalijaa yakafurika, ikabidi aanzishe rundo kubwa uani, refu kama mlango uliolazwa. Kazini alikuwa haongei kitu kingine. Rundo lina joto hata mkono haukai, minyoo imenenepa, udongo umekuwa mweusi kabla ya wakati. Sisi tulikuwa tunaitikia tu huku tunaendelea na kazi zetu.

Mwaka uliofuata nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara, mafuta ya gari yakawa dawa ya kupimiwa, mbolea ya dukani ikapotea, na barabara za milimani hazikupitika kwa amani. Mboga za kutoka juu hazikushuka tena mjini. Mwanzoni mwa Oktoba 1996 mkurugenzi wetu, Dokta Jovithe, alituita sote ukumbini. Unga wa uji tulikuwa nao, alisema, mafuta kidogo tulikuwa nayo, mboga hakuna. Wafadhili wa jiko la lishe walikuwa wamemwandikia barua: kama ifikapo tarehe 31 Desemba jiko haliwezi kuwapa watoto mboga kila siku, litafungwa, na watoto watahamishiwa kituo kingine.

Watoto walikuwa ishirini na sita. Kile kituo kingine kilikuwa mbali na kilishajaa, na mama zao wangekwenda kwa miguu katika barabara za siku zile. Kila mmoja wetu ukumbini alijua kuwa wengine wasingefika. Niliogopa siku ile, na sioni aibu kuliandika.

Kiwanja tulikuwa nacho, nyuma ya jiko, ila kilijazwa kifusi wakati wodi ilipojengwa. Tulipanda lengalenga haraka haraka. Zikaota, zikafika urefu wa kidole, zikawa za njano, zikafa zote kwa wiki moja. Niliandika ripoti ndefu kuthibitisha kwamba ardhi ile haikuumbwa kwa ajili ya mimea. Ilikuwa ripoti nzuri sana, yenye vichwa vya habari. Dokta alipomaliza kuisoma, Mama Kudra alisimama.

“Mi niko na udongo. Nitauleta wote.”

Hakusema kikapu, hakusema kiasi. Alisema wote: rundo lote na mapipa matatu, kazi ya miaka. Tukapiga hesabu ya siku. Lengalenga huchukua wiki tano kufaa kuchumwa, kwa hiyo mbegu ziwe zimeingia ardhini kabla ya katikati ya Novemba. Tulikubaliana udongo uhamishwe Jumamosi, tarehe 9 Novemba.

Jumatatu ya wiki ile Mama Kudra alikuwa na ruhusa, akaanza kupindua rundo kuliandaa. Uma wake ukainua kishungi cha majani membamba, marefu, yaliyosokotana. Mrundi yeyote akiyaona majani yale katika hali ile anajua yametoka wapi, kwa sababu ndizi za pombe hukamuliwa pamoja nayo ili maji yatoke. Hakuna kazi nyingine inayoyasokota namna hiyo. Mama Kudra aliyatazama, akautazama mlango wa Marguerite, akanusa, akasikia uchachu.

Pombe! Pombe ndani ya udongo wake! Akazikumbuka nyanya alizogawa mtaa mzima. Akakumbuka sahani ya biringanya aliyoipeleka nyumbani kwa Ustadhi Twalibu, mwalimu wa madrasa. Akawafikiria mama Waislamu wa wodi yetu, na Ramadhani ilikuwa miezi miwili mbele. Wazo la kumuuliza Marguerite halikumpitia kabisa. Kwetu hapa, mtu uliyemkaribisha uani kwako humwiti ukamsimamisha na kumuuliza kuhusu alichokosea. Hiyo ni kama kumwonyesha njia ya kutoka. Kwa hiyo alinyamaza. Akaita wasukuma toroli wawili, na kufika saa saba mchana rundo lote pamoja na udongo wa mapipa vilikuwa vimemwagwa kwenye ukingo wa mto Ntahangwa. Mapipa akayaosha mara saba, ingawa hakuna aliyemwambia saba.

Marguerite alirudi kutoka Buterere na kikapu chake kichwani, akakuta mahali pa rundo pamefagiwa. Naye hakuuliza. Alielewa kwamba anafukuzwa na kwamba mwenye nyumba ana adabu ya kutolisema kwa mdomo. Akaingia ndani, akaanza kulifunga godoro kwa kamba. Mama Kudra akamwona dirishani, akasema moyoni, kumbe kweli, anajua alichofanya, anakimbia. Wanawake wawili, kila mmoja nyuma ya mlango wake, kila mmoja analia, na katikati yao ua uliofagiwa vizuri.

Kesho yake Mama Kudra alikuja kazini kwa wakati, kama kawaida, akamwambia Dokta Jovithe kwamba udongo hautakuja. Umeharibika, basi, zaidi ya hapo hakueleza. Dokta alikaa chini taratibu. Na mimi, kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nilimkumbusha Dokta ukurasa wa tatu wa ripoti yangu. Mama Kudra alikwenda kugawa uji, kitanda hadi kitanda, watoto ishirini na sita, na alipomaliza niliona amesimama kwenye kona na kikombe kitupu mkononi, hajui pa kukiweka. Nimewahi kumwona amechoka, nimewahi kumwona amekasirika, mara nyingi kwa sababu yangu. Amevunjika nilimwona siku ile tu.

Akirudi nyumbani alipita kwa Ustadhi Twalibu, ambaye akiwa hafundishi anatengeneza baiskeli kando ya msikiti. Alimweleza kila kitu, akaomba aambiwe kafara ya watu wote waliokula zile nyanya. Ustadhi alimsikiliza mpaka mwisho na spana mkononi.

“Kila mwaka unatiaka mavi ya ng'ombe ku nyanya zako,” alimwambia. “Siku gani ulikuya kuniuliza kama mavi ni halali? Nyanya ni nyanya. Osha, kula. Na huyu mama, ulimuuliza?”

“Apana, Ustadhi.”

“Twende.”

Walimkuta Marguerite amekalia godoro lililofungwa, watoto wamevaa viatu. Ustadhi alimsalimia, akamuuliza kwa heshima alitia nini kwenye rundo. Marguerite alimjibu akimtazama Mama Kudra.

“Baba, mi nilileta maganda na makapi tu. Ndizi tunakamua kwanza, makapi tunatupa. Pombe inakuya nyuma, tukisha kutia mtama. Mule hamukuwa hata tone. Nilitaka mama afurahi.”

Uchachu ule ulikuwa wa ndizi zinazooza, kama zinavyooza ndizi za Waislamu na za Wakristo. Mama Kudra, aliyekuwa amekaa jikoni kwa miaka ishirini na mitatu, ambaye anaweza kukuambia kwa kunusa tu kama uji wa mtama umekaa dakika tatu zaidi, hakujua pombe ya ndizi inatengenezwa vipi. Angejuaje? Tangu utoto hakuruhusiwa kusogea inapokamuliwa. Alianza kucheka huku machozi bado yapo, Ustadhi akafuata, na mwishoni kabisa Marguerite, ambaye alichelewa kidogo kwa sababu kamba ya godoro ilikuwa bado mkononi. Mama Kudra akaichukua ile kamba, akalifungua godoro mwenyewe.

Kisha wote watatu wakatazama upande wa milima. Mawingu ya Novemba yalikuwa yanajipanga, na udongo wa watoto ishirini na sita ulikuwa ukingoni mwa mto.

Hapo ndipo alipochelewa kazini mara ya pili. Jumatano asubuhi saa mbili muosha sufuria ndiye aliyekuwa anakoroga uji, na Dokta Jovithe akanituma nikamtafute mpishi wake. Nilielekezwa mpaka Ntahangwa. Nilikuta watu kama arobaini wamejipanga mstari kutoka majini hadi barabarani: kina mama wa madrasa na mitandio yao wameifunga viunoni, kina mama wa kwaya ya Marguerite waliokimbia Kinama pamoja naye, Ustadhi amekunja suruali, wote na mabeseni, vikapu na toroli. Marguerite alikuwa chini kabisa, tope magotini, anajaza. Wanakwaya walikuwa wanaimba wimbo wao wa kanisani, na kina mama wa madrasa wanawapigia makofi ili mabeseni yaende kwa mwendo mmoja. Nilisimama pale na tai yangu, nikawa natunga maneno ya kuripoti. Mama Kudra akaniona.

“Maxime, tai utaifua. Beba.”

Nikabeba. Nilibeba beseni kichwani kutoka Buyenzi mpaka Gihosha, na anayejua kipande cha mwisho cha njia ile anajua kinavyopanda. Maji meusi yalinishuka mgongoni. Gari la kituo lilikuwa na mafuta ya dharura peke yake. Dokta Jovithe alitoka nje, akaitazama foleni inayokuja na nyimbo zake, akasema kama hii si dharura basi yeye hajui dharura ni nini, akaliruhusu safari moja. Zilizobaki zilikwenda kwa vichwa na toroli. Saa nane mchana mvua ilishuka kama ilivyokusudia, ikasomba kilichobakia ukingoni. Theluthi moja ilikwenda ziwa Tanganyika, na samaki wa mwaka ule huenda walinenepa. Theluthi mbili zilikuwa salama nyuma ya jiko letu, zimefunikwa kwa majani ya migomba.

Tulipanda Jumamosi ile ile, tarehe 9. Sitasimulia jinsi nilivyokuwa nakwenda kuzichungulia zile mbegu kila saa nne na kila saa kumi, nikijifanya napita tu. Tarehe 14 Desemba Mama Kudra alichuma mkupuo wa kwanza. Majani yalikuwa mapana kuliko kiganja changu. Wakaguzi wa wale wafadhili walipokuja tarehe 20 walikuta sufuria mbili zinachemka, wakafunua mifuniko, wakatazamana, wakaomba waoneshwe bustani. Walipoiona waliandika kwamba jiko liendelee. Dokta Jovithe aliwasindikiza mpaka getini kwa utulivu mkubwa, akarudi, akafunga mlango wa ofisi yake, na sote tulimsikia akipiga vigelegele peke yake, mtu mzima na koti lake jeupe.

Hakuna mtoto aliyehamishwa. Wote ishirini na sita walitoka hapa migongoni mwa mama zao, na mmoja baada ya mwingine wale mama walilalamika kwamba mtoto amekuwa mzito kubeba. Hakuna lalamiko lililowahi kunifurahisha hivyo. Na Ramadhani ilipoingia Januari, sahani ya kwanza ya lengalenga za kituo ilikwenda kwa Ustadhi Twalibu, imeoshwa vizuri.

Tangu siku zile bustani haijakauka. Kila mama anayetoka wodini hupelekwa kwanza nyuma ya jiko, akafundishwa kukata maganda, kuyapanga na majani makavu na kuyapima joto kwa mkono. Nilikuwa nawahesabu kwenye daftari langu. Nilipofika mia sita daftari liliisha, sikununua jingine. Ukitembea Kinama, Buterere na hapa Gihosha utakuta marundo nyuma ya nyumba za watu ambao hawajawahi kumwona, waliofundishwa na waliofundishwa naye. Marguerite alirudi kwake Kinama mwaka 2001. Makapi bado anayaleta, siku hizi mchana kweupe, na leo ameketi mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani, msalimieni. Mimi pia ninalo rundo nyumbani. Mke wangu anasema naliamkia kabla yake.

Ijumaa iliyopita tulifanya makabidhiano, ile tunayoiita remise-reprise. Mama Kudra alimkabidhi Assia, mpishi mpya, funguo, sufuria kubwa nne, miiko, na orodha ya vyakula ambavyo kila mtoto hapendi. Kila kitu kilisainiwa. Nilidhani tumemaliza. Baadaye kidogo akaja kwenye dirisha la stoo, akasimama kama wanavyosimama watu wasionizoea, akaniambia ana ombi. Anahamia kwa Raihana, huku juu Gihosha, mapipa ya Buyenzi ameshawaachia majirani pamoja na udongo wake, na ua wa Raihana ni mawe matupu. Rundo jipya huanza haraka likipewa udongo kidogo wa zamani. Je, angeweza kuruhusiwa kuchukua ndoo moja kutoka bustani ya kituo?

Alikuwa ananiomba mimi. Udongo ule aliutoa nyumbani kwake wote, tukaubeba kwa vichwa vyetu, na bado aliona ni mali ya watoto ambayo mtu haigusi bila ruhusa. Nilitaka kumwambia achukue yote, ila mlinzi wa geti haruhusu kitu kutoka bila karatasi, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Basi nilichukua kitabu cha bon de sortie, nikajaza kama inavyotakiwa. Kitu: udongo. Kiasi: ndoo moja. Sababu ya kutoka: ni wake.

Dokta Jovithe alisaini bila swali. Mlinzi aliisoma, akaisoma tena, akaikunja na kuitia mfuko wa shati. Kisha akafungua milango yote miwili ya geti, ambayo huifungulia gari la wagonjwa tu, na Mama Kudra akatoka na ndoo yake kichwani.

Mama, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Asante kwa watoto, na asante kwa kunivumilia. Wenzako wote wa kituo tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, wajukuu wanaomaliza sahani, na ua wa mawe utakaokutii kama sisi tulivyokutii. Ukihitaji ndoo ya pili, dirisha langu unalijua.